Mama Tarehe

Mawakili ndio waliompachika jina la Mama Tarehe, na yeye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha la masjala ya mahakama ya jinai, na katika miaka yote hiyo hakuna kesi iliyopanda mbele ya hakimu bila kwanza kupita kwenye daftari lake. Hakimu anahukumu, sawa, lakini anahukumu lini? Hilo alilijua Mama Tarehe. Wakili aliyemsalimia vizuri alipata wiki ijayo. Aliyempita bila hata kumtupia jicho alipata baada ya miezi minne, na akilalamika aliambiwa kwa upole kabisa kwamba daftari limejaa.

Ugonjwa ulipoingia na mahakama zikafunga milango, wenzake walichanganyikiwa, yeye akachangamka. Mahabusu hawakuletwa tena, mahakimu walijifungia vyumbani mwao, na kila karatasi iliyotoka mkono mmoja kwenda mwingine ikaogopwa. Mama Tarehe akabuni utaratibu wa kupoza mafaili. Faili likitoka kwa hakimu halikuguswa na mtu. Lilitiwa kwenye boksi, boksi likaandikwa tarehe kwa chaki ubavuni, likapelekwa chumba cha nyuma chenye madirisha wazi, likapoa siku tatu. Siku ya nne ndipo karani alilifungua na kutekeleza kilichoandikwa humo. Mkuu wa mahakama aliusifu utaratibu huo kwenye kikao, mahakama nyingine tatu zikauiga, na mwenyewe akapewa cheti. Alikitundika ukutani, juu ya meza ya birika la chai, mahali ambapo kila anayekuja kumimina kikombe lazima akisome.

Kasoro ya utaratibu ule angeiona hata mtoto wa chekechea. Chaki hufutika. Boksi likisukumwa na bega, likikwaruza ukuta, tarehe imekwenda. Lakini nani angemwambia hivyo mwanamke mwenye cheti?

Sasa, miongoni mwa mahabusu wa wakati huo alikuwapo fundi friji mmoja, kijana wa miaka ishirini na tisa. Mwenye bucha alimshtaki kwamba alikuja kutengeneza friji akaondoka na mota yake. Alikamatwa miezi miwili kabla ya mahakama kufungwa, akapandishwa kizimbani mara moja, akasema hakuiba, akakosa mtu wa kumdhamini, akarudishwa rumande. Kisha milango ikafungwa, na faili lake likaenda kwa hakimu mmoja mzee lisionekane tena rafuni.

Mama Tarehe alifanya anachofanya karani yeyote faili likipotea. Alifungua faili la muda: jalada la kijani, nakala ya hati ya mashtaka, basi. Halafu kila baada ya siku kumi na nne aliandaa orodha ya mahabusu, hakimu akasaini chini, na wote waliomo wakaongezewa siku kumi na nne nyingine bila kuona sura ya mtu. Fundi alikuwa namba sitini na moja. Orodha ilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, na sijui hakimu gani aliwahi kuisoma hadi akafika sitini na moja. Hakimu mzee mwenyewe hakuwa na muda wa kusoma chochote tena, kwa kuwa mwaka wa pili ugonjwa ulimchukua, akazikwa na watu kumi waliosimama mbalimbali.

Fundi alikuwa na mama, mfua nguo wa hospitali. Kila Ijumaa ya pili, akitoka zamu, alikuja moja kwa moja na viatu vyake vya mpira, akasimama ndani ya duara la rangi lililochorwa sakafuni mbele ya dirisha, akasubiri kuitwa. Umri wake na wa Mama Tarehe ulilingana, ndiyo maana waliitana dada. Mama Tarehe alimwambia kila mara maneno yale yale, kwamba kesi imetajwa na arudi baada ya wiki mbili, na yule mama alimshukuru kila mara kana kwamba amepewa kitu. Hakuwahi kupaza sauti wala kumlaumu mtu. Mama Tarehe alimpenda kwa hilo. Watu wasio na usumbufu walikuwa wachache, na yeye alijiona ana roho nzuri kwa sababu siku nyingine alimwita kabla ya mawakili.

Miaka miwili na ushee ikapita. Ugonjwa ukapungua, barakoa zikashuka videvuni, kisha zikaenda mifukoni, na mahakama ikafunguliwa ikiwa na mafaili hadi ngazini. Akaletwa hakimu mpya, mwanamke kijana mwenye mwendo wa haraka na saa kubwa mkononi, aliyetumwa kumaliza mlundikano. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Alhamisi moja mahabusu wote wenye makosa madogo wangeletwa kwa zamu. Atakayekiri kosa atafungwa kifungo kilicholingana na muda aliokwisha kukaa ndani, maana yake ataenda nyumbani siku hiyo hiyo. Atakayekana atapangiwa tarehe ya kusikilizwa, na tarehe, kila mtu alijua, zilikuwa mbali.

Jumatatu ya wiki hiyo hakimu aliagiza chumba cha nyuma kisafishwe. Mama Tarehe hakutaka mtu mwingine aguse vitu vyake, akaingia mwenyewe na kitambaa kichwani. Chini ya viti vibovu, nyuma ya madumu ya dawa ya kunawia mikono, alikuta boksi. Ubavuni lilikuwa na ukungu mweupe tu, pale palipokuwa na chaki. Ndani kulikuwa na mafaili kumi na moja yaliyokuwa yakipoa tangu enzi za hakimu mzee.

Kumi yalikuwa ya watu waliokuwa nje kwa dhamana, na hakimu mzee alikuwa ameyafuta yote kwa siku moja. La kumi na moja lilikuwa la fundi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mwandiko wa hakimu mzee, ule uliolala upande. Mlalamikaji amepiga simu, iliandikwa, amesema mota imeonekana stoo kwa shemeji yake na hana haja ya kuendelea. Shauri limefutwa. Mshtakiwa aachiwe mara moja. Ukurasa ulikuwa na saini, muhuri, na tarehe ya miezi kumi na tisa iliyopita.

Mama Tarehe alikaa juu ya dumu. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, kana kwamba miezi ingepungua. Tangu siku ile, mara arobaini na moja, yeye kwa mkono wake alikuwa ameandika namba sitini na moja kwenye orodha. Mara arobaini na moja alikuwa amemfunga mtu huru.

Niseme ukweli: dakika ya kwanza alimwonea fundi huruma. Aliinuka kabisa na faili kifuani, akafika hadi mlangoni, na kwa mbali akasikia viatu vya hakimu vikigonga ukumbini. Dakika ya pili akajiona yeye. Alibakiwa na miezi minane astaafu. Aliona keki, hotuba, mkuu wa mahakama akitaja utaratibu wa kupoza mafaili, halafu akaona hayo yote yakifutwa na badala yake polisi wawili wakimwita kwa jina lake halisi. Alirudi akakaa juu ya dumu.

Alipoinuka mara ya pili alikuwa ameshajipangia mambo, na tena alikuwa amejipangia kwa namna ya kujisifu. Kwani fundi anataka nini? Anataka kwenda nyumbani. Alhamisi anakwenda nyumbani. Aseme ndiyo, hakimu aseme umeshatumikia, mlango ufunguliwe. Kwa hati ya kuachiwa au kwa kukiri, mlango ni ule ule. Aliuchomoa ukurasa wa mwisho taratibu, akaukunja mara nne, akautia kwenye mkoba kati ya kanga ya akiba na miwani. Karatasi nyingine alizichanganya na zile za jalada la kijani. Yale mafaili kumi aliyapeleka kwa hakimu, akasema ameyakuta yamekwisha na hayakuingizwa kwenye rejesta. Hakimu alimpongeza mbele ya watu kwa kupunguza mlundikano kesi kumi kabla Alhamisi haijafika.

Jumanne akaenda hospitali. Hakuwahi kumfuata mtu mwenye kesi kazini kwake maisha yake yote, na njiani alijiambia kwamba huo ndio ushahidi wa wema wake. Chumba cha kufulia kilikuwa chini, nyuma ya jiko. Mashine mbili zilikuwa zikinguruma na ya tatu ilikuwa imekufa mlango wazi. Mama yake fundi alikuwa amesimama mbele ya rundo la mashuka, akiyatenga yenye damu na yasiyo na damu kwa fimbo ndefu. Alipomwona mgeni aliiangusha fimbo. Alidhani ameletewa habari ya kifo, kwa sababu ndani ya jengo lile watu hawakufuatwa kazini kwa habari nyingine.

Mama Tarehe alimtuliza, akamketisha juu ya kapu lililogeuzwa, akamweleza mpango wa Alhamisi. Alimweleza kwa maneno mepesi, mara mbili. Kesho ni siku ya kuwatembelea mahabusu, aende, amwambie kijana akiulizwa aseme ni kweli. Jioni watakula pamoja.

Yule mama alisikiliza huku akijifuta mikono ambayo ilikuwa mikavu tayari. "Lakini dada, hakuiba," alisema.

"Nani kasema kaiba? Ni neno tu. Anasema ndiyo, anavaa viatu, anatoka."

"Na likishaandikwa, linafutika?"

Mama Tarehe alijibu kwamba watu wangapi wana maandishi kama hayo na wanaishi, wanaoa, wanazaa. Akasema mwingine angeshukuru. Akasema, na hapa sauti yake ilitetemeka kwelikweli, kwamba yeye amejitolea kuja kwa kuwa naye ni mzazi. Hakuwa na mtoto. Yule mama alimshika mikono yote miwili akaibusu barakoa ikiwa bado usoni, akaahidi kwenda kusema naye.

Alhamisi ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Hakimu alianza saa mbili kamili na hadi saa tano alikuwa amewamaliza watu thelathini na wanne. Wote walikiri. Wengine walikiri kabla hawajamaliza kusomewa, mmoja akakiri shitaka la mwenzake ikabidi arudishwe nyuma akiri la kwake. Mwendesha mashtaka alikuwa akicheka chini kwa chini. Kila aliyekiri alipita mlango wa pembeni, na huko nje zilisikika sauti za ndugu zake. Mama Tarehe alikaa mbele ya meza ya hakimu na daftari lake wazi, akaweka alama moja moja, na mkoba aliuweka miguuni akaukanyaga ukanda wake.

Ikaitwa namba sitini na moja. Alikuwa hajamwona fundi tangu siku ile ya kwanza, na hakumtambua. Suruali ilikuwa imefungwa kwa kamba, shingo imebaki mishipa, na alikohoa kikohozi kirefu kabla ya kushika ubao wa kizimba. Hakimu alimsomea shitaka, akamwuliza kama ni kweli au si kweli.

"Si kweli," alisema fundi.

Hakimu hakukasirika. Alivua miwani, akamweleza polepole kwamba amekaa ndani miaka miwili na miezi mitatu, kwamba kosa lenyewe huenda lisingemfunga hata mwaka mmoja, na kwamba akikiri anakwenda nyumbani sasa hivi. Akamwuliza kama ameelewa. Fundi akasema ameelewa vizuri. Hakimu akamwuliza tena, ni kweli au si kweli.

"Mheshimiwa, kazi yangu ni kuingia majumbani mwa watu. Mwenye nyumba ananiacha na friji yake, anakwenda sokoni. Nikisema leo mimi ni mwizi, nani ataniachia mlango? Sikuiba. Nileteeni mwenye bucha aseme mbele yangu."

Mwendesha mashtaka aliacha kucheka. Mama Tarehe alimchukia kijana yule kwa chuki safi, chuki ambayo hajawahi kuwa nayo kwa mwizi wala muuaji. Watu thelathini na wanne wamesema neno moja wakaenda zao, huyu anajifanya nani? Alitamani kumrukia pale kizimbani amfungue kinywa kwa vidole. Hakutamani hata kidogo kufungua mkoba.

"Basi ni haki yake," alisema hakimu, na alionekana kumheshimu. "Atasikilizwa, na mlalamikaji aitwe. Karani, nipe tarehe ya karibu kabisa."

Tarehe ya karibu ilikuwapo. Ilikuwa Jumanne baada ya wiki mbili, nafasi nzima ya asubuhi, iliyobaki wazi baada ya wakili mmoja kuomba kuahirishiwa. Mama Tarehe aliiona chini ya kidole chake. Akaona na mwenye bucha akiingia ukumbini Jumanne hiyo, amenuna kwa kupotezewa siku, akiuliza wanamwitia nini wakati yeye alishapiga simu na mota yake anayo zaidi ya mwaka na nusu sasa. Akaona hakimu akigeuza shingo polepole kuitazama masjala. Akafunua kurasa. Alipita mwezi huo, akapita uliofuata, akaupita mwezi wa kwanza ambao ndani yake siku yake ya kustaafu ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Alisimama miezi miwili mbele yake, pale ambapo karani mwingine angekuwa amekaa kwenye kiti hiki na mambo yote yangekuwa juu ya kichwa cha mwingine.

"Tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu, mheshimiwa."

"Miezi kumi? Hakuna ya karibu hapo?"

"Daftari limejaa, mheshimiwa."

Hakimu alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaandika, akaita anayefuata. Askari walimshusha fundi. Alipofika mlango wa mahabusu alimtafuta mama yake kwa macho, akamwinulia mkono juu kidogo, kiasi pingu zilivyoruhusu, kisha akaanza kukohoa tena na mlango ukamfungia kikohozi nyuma.

Saa ya chakula mama wa fundi alimkuta Mama Tarehe dirishani. Maduara sakafuni yalikuwa yamechakaa lakini yeye bado alisimama ndani ya lake. Mama Tarehe alijiandaa kwa machozi, akajiandaa hata kumgombeza kwa kushindwa kumfunda mwanawe. Yule mama hakulia. Alikuja kuomba radhi.

"Nimekuangusha, dada. Nilikwenda, nikamwambia kila kitu kama ulivyonieleza. Akaniuliza, mama, wewe unaamini niliiba? Nikasema siamini. Akasema basi usiniombe." Alivuta pumzi. "Nikashindwa kumwomba. Mtu mwenyewe umeacha kazi zako ukanifuata hadi kule chini kwenye mashuka, na mimi nimekuangusha."

Mama Tarehe alisema si kitu. Alisema hivyo mara tatu.

Yule mama akaomba aandikiwe tarehe kwenye karatasi, maana ni mbali na kichwa chake siku hizi hakishiki. Akahesabu miezi kwa vidole, akaishiwa vidole, akacheka kidogo kwa aibu. Kikohozi ndicho kilichomtia wasiwasi, alisema, lakini hospitalini anajuana na mtu mmoja anayepeleka dawa rumande, atajaribu kumpenyezea mwanawe dawa kupitia kwake. Miezi kumi si mingi kwa mtu aliyekwisha kukaa miaka miwili. Anayesubiri kitu cha haki husubiri akiwa amelala usingizi, au siyo?

"Siku hiyo utakuwepo?" aliuliza. "Nikikuona wewe pale mbele sitetemeki."

"Nitakuwepo," alisema Mama Tarehe, na akamwandikia ile tarehe kwa herufi kubwa, ili mama wa watu asije akaikosea.